Kifuniko Kilichoonyesha Gia

Rulon Stapley, jirani yangu hapa Moab, Marekani, alikuwa fundi hodari na mtu wa kujionyesha, na kwa hilo la pili mpaka leo namkasirikia. Gari lake la kupanda miamba alilivua kifuniko cha chuma cha difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, akafunga cha plastiki nene inayoonyesha ndani. Watu waliinama nyuma ya gari kutazama gia zikizunguka kwenye mafuta, naye akatabasamu kama bwana harusi.

Mkewe, Verla, ndiye aliyekuwa macho yake. Kwenye miamba dereva haamini macho yake mwenyewe. Humfuata mtu anayemwelekeza kwa mkono. Vidole vikiita, njoo. Ngumi, simama. Verla alimwelekeza hivyo tangu wakiwa wachumba.

"Kitadumu hicho?" alimuuliza.

"Nimekipiga nyundo, mama. Hata hakikushtuka."

"Wewe umekipiga kwa kukihurumia, mzee. Unakipenda kuliko mimi."

Kweli kilikuwa kigumu, kilivumilia mawe misimu miwili. Kilichokiua ni usafi. Asubuhi moja kabla ya safari, ili king'ae, Rulon alikipulizia dawa ya kusafishia breki, ile tunayosafishia kila kitu gereji. Dawa ile huila plastiki ya namna hiyo. Nyufa nyembamba zikaingia, naye akadhani ni mikwaruzo.

Mchana wake, chini kabisa ya Korongo la Punda, Verla aliteleza kwenye mwamba akavunjika paja. Mguu ukavimba, uso ukapauka. Damu ilikuwa inamwagika ndani kwa ndani. Simu hazishiki kule. Rulon alimlaza ndani ya gari, sehemu ya nyuma, akaanza kupanda kumwahisha hospitali. Kwenye kizingiti cha kwanza cha mwamba jiwe likagusa difu. Likagusa tu! Kifuniko kikasambaratika, mafuta yote yakaenda mchangani, gia zikaanza kusagana kavu.

Alilia, hakunificha aliponisimulia. Kisha akaingia uvunguni akachomoa propela ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, zikabaki nguvu za magurudumu ya mbele tu. Nayo yalizunguka bure, gari halikupanda. Akaligeuza, apande kinyumenyume ili uzito uangukie mbele. Likapanda. Lakini nyuma alikuwa haoni kitu, na upande mmoja ni genge.

"We Rulon," Verla akasema, "niinue kichwa. Nitakuelekeza."

"Pumzika, mama."

"Nikipumzika utatutumbukiza. Tazama kioo."

Akamwegemeza kwenye mabegi aione njia ya nyuma, akarudi kwenye usukani, akamtazama kwenye kioo cha dereva. Mkono ukainuka, vidole vikaita. Kushoto. Njoo. Njoo. Kizingiti baada ya kizingiti, na kila mara mkono ulichelewa zaidi kuinuka.

"Umelala?"

"Nani alale na uendeshaji wako huu?"

Karibu na juu, ngumi ikainuka. Rulon akakanyaga breki. Ngumi ikashuka taratibu kifuani kwa Verla, ikatulia hapo.

"Niambie basi," Rulon akasema. "Kushoto? Kulia? Mama, niambie."

Wapanda miamba wengine waliotokea pale jioni waliona gurudumu la nyuma likiwa ukingoni kabisa mwa genge. Rulon alikuwa angali ameshika usukani, mguu kwenye breki, macho kwenye kioo. Wakamsihi ashuke.

"Subirini," akawaambia. "Amesema nisimame."