Siku Bibi Alipokosea Mtoto

Jana matroni alitugawia ndoo mpya bwenini. Nilipochungulia ndani ya ndoo yangu, harufu ya plastiki mpya ikanipanda puani, nikaifunika kwa kanga na kutoka nje. Wenzangu walidhani naumwa. Sikuwa naumwa. Ile ni harufu ya Nyumba ya Mipira, na humo nilifanya jambo nikiwa na miaka minane ambalo sijamwambia mtu hadi leo. Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kunitazama usoni.

Nilikuwa nakaa Shelui kwa babu na bibi. Bibi aliuza chai na chapati kwa madereva wa malori, na mimi nilikuwa mke mwenza wake. Kwetu huo ni utani wa kawaida: mjukuu wa kike ni mke wa babu, kwa hiyo bibi ana haki ya kumwonea wivu. Kila asubuhi aliniuliza kwa sauti ya ugomvi, "Mke mwenza, mume wetu amekula?" Nami nilikuwa na jibu langu: "Amekula kwangu. Kwako kuna moshi tu." Madereva walicheka mpaka chai ikawapalia. Mbele ya watu nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango, lakini kwa utani ule ulimi wangu ulifunguka wenyewe.

Ilikuwa miaka ile ushirika umeshakufa na maghala yake yanauzwa. Dereva mmoja akatuletea habari kwamba Singida mjini kuna tajiri amenunua ghala mojawapo, ameliita Nyumba ya Mipira na kulijaza michezo ya watoto, mitumba kutoka Ulaya: bembea, utelezi, farasi wa umeme, na shimo zima la mipira ya rangi ambamo mtoto anaogelea bila maji. Tangu siku hiyo sikuongea kingine. Niliposhika nafasi ya pili darasani, bibi akasema tutakwenda. Akanishonea gauni la njano kwa mkono, amekaa kizingitini jua likizama, anatunga uzi kwenye sindano mara moja tu bila hata kuulamba.

Dereva yule yule alitupakia mbele. Lori lilipanda mlima wa Sekenke likiguna kama mzee anayeinuka kwenye kigoda, na bibi aliliombea kila kona.

Mlangoni watoto walivua viatu. Bibi naye akavua vyake. Dada wa mlangoni alimwambia wakubwa hawavui, wao wanakaa kwenye mabenchi nyuma ya kamba, lakini bibi alisema nyumba inayovuliwa viatu haiingiwi nusu nusu. Akaingia pekupeku, viatu kwapani. Halafu akasimama, akavuta pumzi. Juu kulikuwa na harufu ya plastiki, ila chini yake bado kulikuwa na vumbi la pamba. Akamwonyesha yule dada mahali mizani ilipokuwa, na pembe aliyolala siku tatu akisubiri zamu ya kupimiwa pamba yake, mama yangu mgongoni. Dada alitafuna jojo tu. Mimi nilimvuta bibi kanga. Nilitaka mipira.

Ndani ya shimo nikapata rafiki, mtoto wa mjini aliyeitwa Rehema, mwenye soksi nyeupe zenye maua. Aliniuliza jina, nikasema Josefina, jina la shule. Aliniuliza nakaa wapi, nikasema hapo hapo mjini. Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulikuwa mtamu, na Rehema akanishika mkono tukapanda utelezi pamoja.

Niliposhuka, bibi akapiga kigelegele. Siyo kidogo, kile cha harusini. Ghala zima likageuka. Kisha akaniita kwa furaha yake yote: "Mke mwenza! Mume wetu amekula?"

Watoto wakaangua kicheko. Nadhani hata hawakucheka kwa ubaya, maana na wao wana mabibi. Lakini mimi nilisikia moto masikioni. Jibu lilikuwa mdomoni, nikalimeza, nikajizamisha kwenye mipira mpaka shingoni.

Bibi akaita tena. Halafu akadhani nimepotea, au nimeumia huko chini, kwa sababu haijawahi kutokea nisijibu. Nilimsikia akimweleza yule dada kwamba anatafuta mjukuu wake, ana gauni la njano, amelishona yeye mwenyewe. Dada akaja naye hadi ukingoni mwa shimo.

Rehema akanitazama. "Si wewe una gauni la njano? Ni bibi yako?"

"Siyo bibi yangu," nikasema. "Ni mama anayetuuzia chai."

Bibi alikuwa mbali nami kama kutoka hapa hadi dirishani. Tulitazamana. Kisha akamgeukia yule dada na kusema polepole, "Basi, mwanangu, nimekosea mtoto. Macho ya uzee haya." Akaenda kuvaa viatu vyake.

Nilicheza mpaka saa ya kufunga. Ndiyo, nilicheza, na nilifurahi. Nilijiambia macho yake kweli ni mabovu, hakuniona, basi hakuna kosa. Nilimkuta nje ameninunulia karanga. Hakunigombeza. Njia nzima aliongea na dereva habari za mvua.

Nyumbani babu alikuwa anatusubiri. "Wake zangu, mmerudi?"

"Nimerudi," bibi akasema, "na Josefina."

Babu aliniangalia mimi, kisha akamwangalia yeye.

Toka siku hiyo nikawa Josefina. Mwanzoni nililipenda, nikaona nimekuwa mkubwa. Kidato cha pili mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni "Mkataa kwao mtumwa", akaomba mfano. Nilikuwa na mfano mzuri kuliko wote darasani, nikainamisha kichwa.

Likizo iliyopita bibi alinishonea kifungo cha sare. Alikaa kizingitini, giza linaingia, akatunga uzi mara moja tu, bila kuulamba. Macho yale hayakuwahi kukosea mtoto yeyote. Siku ile aliuchukua uongo wangu akaufanya kosa lake, ili nisiaibike mbele ya soksi za maua.

Nilitaka kumwomba msamaha pale pale. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, aliponyanyua uso na kuita kuelekea jikoni, "Mke mwenza! Mume wetu amekula?"

Nikasimama.

"Amekula kwangu," akajibu Anna, mdogo wangu, kutoka jikoni. "Kwako kuna moshi tu."

Bibi akacheka, akakata uzi kwa meno, akanipa shati langu.