Masega Yaliyokuwa Safi Mno

Mama yangu akipiga simu haanzi na habari, huanza na hukumu. Siku hiyo nilikuwa nafungua duka langu la vitambaa mjini Nakuru, na kabla sijamwamkia alisema, "Huyu mtu amemaliza nyuki ya baba yako." Nikamuuliza mtu gani. Akajibu kwa ukali kana kwamba mimi ndiye niliyeshikwa na mkebe wa sumu, "Ni nani mwingine ako na pampu hapa?"

Pampu za kupigia mahindi dawa ziko nyingi kule Bahati, lakini nilijua anayemsema. Ni mzee ambaye shamba lake limetenganishwa na letu na ua wa michongoma, na ua huo una pengo ambalo halijawahi kuzibwa tangu nikiwa mtoto. Kwake wanaongea lugha yao, kwetu tunaongea yetu, na pale kwenye pengo ni Kiswahili, kilichovunjika pande zote mbili. Mwaka wa fujo, tulipokimbilia mjini na blanketi na sufuria tu, yeye ndiye aliyeubeba mzinga wa baba akauweka nyuma ya zizi lake, na vijana waliokuja kuchoma akawaambia ni wake. Nyumba iliteketea. Mzinga tulirudi tukaukuta unanguruma. Tangu hapo, kila baba alipovuna asali, sega la kwanza, lile jeupe ambalo nyuki hawajawahi kulelea watoto, halikuingia nyumbani kwetu. Lilipitishwa kwenye pengo likiwa kwenye sahani, limefunikwa kwa jani la mgomba. Sisi watoto tulilisindikiza kwa macho na mate mdomoni.

Sasa baba alikuwa ameenda, amezikwa kando ya mahindi yake mwenyewe, na mzinga ulikuwa ndio kitu cha mwisho cha mkono wake kilichokuwa bado na uhai. Ulipokufa, mama alisimama pale tunapopelekea maziwa asubuhi, mbele ya majirani na mikebe yao, akamwambia yule mzee kwamba dawa yake ndiyo imeua nyuki wa marehemu. Akamwambia kama ana utu asiishike hiyo pampu tena. Maneno hayo nililetewa dukani na mama mmoja wa kanisani, akiwa ameyaongezea chumvi yake kidogo. Niliona aibu. Pia niliogopa, maana kwetu ugomvi wa namna hiyo haubaki kuwa wa nyuki kwa muda mrefu.

Ulikuwa msimu wa sare za shule na sikuweza kufunga duka. Karibu mwezi ulipita kabla sijafika nyumbani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni lile pengo. Mama alikuwa amelijaza matawi ya miiba mpaka juu.

"Imeenda wapi adabu yako?" nilimuuliza nikimwonyesha. Mimi na mama tunaongea hivyo, tumefanana midomo.

"Adabu yangu imekufa na nyuki," akasema. "Wewe ndiye unajua hizo vitu, baba yako alikufundisha. Fungua uangalie, halafu twende kwa chifu useme ni dawa. Mimi wakinisikia wanasema ni mjane anapiga kelele."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyoitiwa. Nikisema ni dawa ya jirani, pengo lile lingezibwa kwa mbao na misumari, na mtu aliyetutunzia mzinga watu walipokuwa wakichomeana nyumba angeitwa mwuaji mbele ya chifu. Nikisema siyo, basi mama angekuwa amemtukana bure mbele ya kijiji. Sikupenda hata moja kati ya hayo mawili.

Ni kweli baba alinifundisha. Ndugu zangu walikuwa wanaume hodari sana mpaka nyuki aingie kwenye nywele zao, kwa hiyo nikabaki mimi, msichana, nikishika kopo la moshi. Mzinga wetu ni sanduku refu la mbao lenye vijiti juu, kila sega likining'inia kwenye kijiti chake, na sanduku lenyewe linaning'inia kwa waya kati ya miti miwili ya mkalitusi. Baba alikuwa akisema mzinga uliokufa usiuulize watu, uulize ardhi kwanza, halafu sakafu yake, halafu masega.

Nikaanza na ardhi. Nyuki waliokula dawa shambani hufia nje, kwenye nyasi na njiani, ulimi umetoka. Chini ya mzinga sikuona kitu, lakini mvua ya mwezi mzima huosha mengi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni, anasubiri shahidi wake aseme.

Nilipoinua kifuniko nilirudi nyuma. Nyuki waliofia shambani huacha nyumba tupu, au kikundi kidogo cha nyuki wachanga na malkia wao. Humu walikuwa wote. Sakafu ilikuwa imejaa, wamelaliana, wakubwa kwa wadogo, hata wale wachanga wenye manyoya meupe ambao hawajawahi kuona jua. Kwenye sega la katikati walikuwako waliokufa wakizaliwa, kichwa nje ya tundu, mwili ndani. Nikachakura kwa kijiti mpaka nikampata malkia, mrefu, mabawa mafupi, amekauka kama wenzake. Malkia haendi kwenye mahindi ya mtu. Machozi yalinitoka hapo, na sikuwa hata nimemlilia baba vizuri.

"Si ni dawa?" mama akauliza.

"Ni dawa," nikasema, "lakini ngoja."

Hawakufa kwa njaa, kwa sababu masega ya nyuma yalikuwa mazito kwa asali, yamefungwa vizuri kwa nta. Hiyo ilikuwa asali waliyoikusanya baba akiwa bado anaweza kutembea mpaka pale na kuwasalimia. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni usafi wa masega yenyewe. Mzinga ukifa, nondo wanaokula nta huwa hawasubiri matanga. Baada ya wiki chache unakuta masega yamekuwa utando na unga na funza. Yetu yalikuwa safi mno. Hapakuwa na utando, hapakuwa na funza, hata nyuki wa watu wengine hawakuja kuiba ile asali. Mwezi mzima hakuna mdudu aliyeingia humo akatoka.

Nikageuza vijiti nikaangalia juu yake. Palikuwa na mstari mweusi wa siafu, wamekufa wakiwa kwenye msafara, na mwilini wana vumbi jeupe. Vumbi hilo lilikuwa pia mlangoni, limegandana na gundi ya nyuki. Nikalisogeza puani. Harufu ile kila mtoto wa mkulima wa mahindi anaijua. Ndiyo harufu ya ghala, ya unga wa dawa kwenye magunia ya baada ya mavuno, ya kuoshwa mikono kwa nguvu kabla hujagusa chakula.

Nilijua tayari, na bado nikamuuliza kama asiyejua. "Mama, siafu walikuja huku?"

"Walikuja!" Uso wake ulichangamka, mara ya kwanza siku hiyo. "Wengi, wanashuka na hiyo waya, wanaingia kwa mlango. Nikasema hapana, baba yako hawezi toka jana na leo siafu ikule nyuki yake. Nikachukua ile dawa ya unga ya magunia ya mahindi ilibaki, nikawamwagia hapa juu na hapo mlangoni. Kesho yake siafu hakuna hata moja. Hao nyuki ni mimi niliwaokoa, kabla huyu mtu—"

Akaacha hapo. Alinitazama, akatazama kidole changu kilichokuwa cheupe. Ningependa kusema nilitafuta maneno ya upole, lakini mimi nina mdomo wa mama yangu.

"Dawa hiyo haichagui, mama," nikasema. "Nyuki waliikanyaga wakaingia nayo ndani."

Alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa, yeye ambaye hakai chini hata kanisani. Halafu akauliza, "Sasa baba yako siafu alikuwa anazuia na nini?"

"Grisi. Ile alikuwa anapaka kwa waya. Siafu hawezi kuivuka."

"Mimi nilijua ni ya kutu," mama akasema.

Miaka yote ile ya ndoa alimwona akipita na mkebe wa grisi na kitambaa, na hakuuliza, kwa sababu mizinga ni kazi ya wanaume, na baba hakumwambia, kwa sababu hakuuliza. Nilisikia hasira, na sikujua niielekeze wapi kati ya kaburi na nyasi.

Kilichobaki kilikuwa kazi. Nilikata masega moja moja kwa kisu cha jikoni, yenye asali kwenye ndoo moja, makavu na meusi kwenye gunia. Mama alikuwa akinipokea vijiti bila kunitazama. Ndoo ilipojaa alichungulia ndani. Asali ya Bahati wakati wa mkalitusi huwa nzito, na ilikuwa ikinukia kupita ile harufu nyingine.

"Hata kidogo ya kuonja?" akauliza. "Hata hii ya nyuma kabisa?"

"Hata hiyo."

Tukachimba shimo refu mbali na kisima, tukaimwaga yote, na mama akaifukia kwa jembe kwa namna ile ile alivyotupa udongo siku ya mazishi, kwa mkono wa kulia, polepole. Gunia la masega nililichemsha kwenye sufuria kuukuu, jiwe juu yake, mpaka nta ikapanda. Ilipopoa ilitoka duara ya rangi ya chai. Nta hunywa sumu na kukaa nayo, kwa hiyo haikufaa kupakwa kwenye mzinga mwingine kuita kundi jipya. Nikaifunga kwenye gazeti nikaandika juu isikaribie jikoni, niende nayo dukani kupitishia uzi wa kushonea magunia. Uzi hauna roho. Katika nyumba nzima ya nyuki, hicho ndicho kilichookolewa.

Sikumwambia mama aende kwa jirani. Asubuhi nilimkuta kwenye pengo anang'oa ile miiba kwa mikono mitupu, viganja vinatoka damu, na nilipotaka kumsaidia alinifukuza. Alipomaliza alinawa, akavaa leso ya kwenda kanisani, akasimama jikoni akihangaika. Kwetu mtu haendi kuomba msamaha mikono ikining'inia, na kitu ambacho kingefaa kupita pengo lile kilikuwa chini ya udongo. Mwishowe alichukua paketi ya sukari.

Tulipotokea upande wa pili nilidhani tumekosea njia. Mahindi ya mzee yalikuwa yamefika kifuani na hayakuwa na majani ya kuitwa majani. Yalikuwa yametobolewa, yamechanwa, mioyo imeliwa, na kinyesi cha viwavi kimejaa pale jani linapotokea. Mstari baada ya mstari mpaka chini kwenye mto ilikuwa hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa katikati, anaminya viwavi kwa vidole na kuwatia kwenye kopo. Pampu ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye ghala lake, imekauka, buibui amefunga mdomo wake.

"Baba," mama akamwita. "Shamba imekuwa nini?"

Akanyooka polepole. "Si ulisema nisipige dawa, mama? Mbele ya watu. Basi nikaacha." Hakusema kwa ukali. "Nilisema labda nyuki ya mzee wako itarudi. Isikute sumu kwangu."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa aliyekula hakuwa hata wa kwetu. Nilitaka kuongea, nieleze habari ya siafu na waya, niipunguze makali, lakini mama alinizuia kwa mkono.

"Si wewe," akamwambia. "Ni mimi niliua hizo nyuki. Niliweka dawa ya mahindi kwa mzinga. Nilikuwa sijui. Nikakuja nikakutukana bure."

Mzee aliangalia mahindi yake. Aliyaangalia kwa muda, kuanzia tulipokuwa mpaka mtoni, kama mtu anayepita kwa macho juu ya kitu ambacho sasa kimebadilika jina. Alikuwa ameacha shamba liliwe kwa heshima ya marehemu, na marehemu hakuwa amemdai chochote.

"Na asali ya mzee?" akauliza. "Iko wapi?"

"Tumezika," mama akasema.

Akamnyooshea ile sukari. Mzee alifuta vidole kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, vile vile alivyokuwa akipokea sega la kwanza kutoka kwa baba. Akasema asante. Halafu akaiweka chini ya mti, akarudi kwenye mstari wake na kopo lake la viwavi.

Tulisimama tukingoja. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kutoka katika boma lile bila chai. Hata mwaka wa fujo, siku tuliyorudi kuangalia majivu yetu, tulikunywa chai kwake kwanza. Kutoka jikoni nilisikia sufuria na nikasikia harufu ya maziwa yanayochemka. Mama naye alisikia. Alingoja mpaka ikawa wazi kwamba chai ile haikuwa yetu, akajifunga leso yake vizuri, na tukarudi nyumbani kupitia pengo.