Midomo ya Bawabu

Jumamosi ile Mkalimani alijikata mara mbili akinyoa ndevu, na wembe haukuwa na kosa lolote. Akabandika kipande cha karatasi kwenye kidonda, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kujitafutia ugonjwa. Mafua hayakuwepo. Mgongo ulikuwa mzima kuliko kawaida yake. Hata tumbo, ambalo wiki nzima lilikuwa joto, asubuhi hiyo lilitulia makusudi ili asipate la kusingizia.

Saa tisa mchana alitakiwa awe kwa Fundi, na hapo uongo wake wa miaka thelathini na mitatu ungeanikwa mbele ya watu watatu aliowapenda.

Nieleze uongo wenyewe, usije ukadhani mzee wa watu aliua. Zamani mjini hapo palikuwa na ukumbi wa sinema wenye mabenchi ya mbao, ukionyesha picha za ng'ambo katika lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Mwenye ukumbi akataka mtu wa kukaa kwenye kijichumba chenye kipaza sauti, atafsiri papo kwa papo. Mkalimani wakati huo alikuwa kijana mfagiaji wa ukumbi huo huo. Akaulizwa, "Wewe, lugha hii unaijua?" Akajibu, "Kama jina langu." Alijua maneno saba: njoo, nenda, mama, pesa, nakupenda, nitakuua, na tusi moja. Kwa maneno hayo saba akafanya kazi miaka kumi na tisa.

Mengine aliyatoa usoni. Mtu akifungua mdomo kwenye pazia la sinema, Mkalimani alimtazama macho, mabega, vidole, kisha akasema kile ambacho uso ule ungesema. Stelingi hakumpa shida. Stelingi hupiga, hukimbia, hupenda, na hafi. Adui naye kazi yake kucheka. Waliomfanya aipende kazi ni wale wa pembeni: kinyozi, karani, polisi mnene anayefika mambo yakiwa yamekwisha. Hao walikuwa na nyuso za watu, naye akawapa maneno ya watu. Alijiambia kwamba anatia chumvi kidogo tu. Kumbe chumvi ndiyo iliyokuwa mchuzi wenyewe.

Ukumbi ulifungwa ukageuzwa ghala la saruji, mashabiki wakatawanyika. Walibaki Fundi, mshonaji wa suruali na sare za shule, na Mkunga, aliyezalisha nusu ya vijana wa mtaa ule. Kila Jumamosi wawili hao na Mkalimani walikutana chumba cha nyuma cha Fundi, katikati ya vitambaa na nguo zenye pini, wakazungumza picha za kale. Mkalimani alikuwa mjane, na watoto wake walimpigia simu sikukuu kwa sikukuu. Jumamosi ndiyo iliyokuwa wiki yake.

"Yule polisi mnene ndiye aliyekuwa mwigizaji," Fundi husema. "Stelingi alikuwa na nywele tu."

"Nywele na meno," Mkunga hudakia.

"Ulishamwona polisi yule akifika mapema?"

"Siku moja tu. Na siku hiyo alikosea nyumba."

Kila mara walicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kisha Fundi angeiga sauti nzito na kukariri maneno ya polisi: "Sheria haikimbii, ndugu zangu. Sheria inatembea." Maneno hayo aliyatumia hata kwa wateja. Ukienda kuulizia suruali iliyochelewa, unaambiwa suruali haikimbii.

Ila waliyempenda kupita wote ni mzee mmoja mwembamba waliyemwita Bawabu, maana mara nyingi alifungua geti. Picha nyingine alikuwa kinyozi, nyingine mleta barua, na hakupewa jina hata katika moja. Fundi alisema mzee yule ana uso wa mtu aliyekwisha kukusamehe kabla hujakosa.

Katika picha moja Bawabu amesimama getini, mvua inanyesha. Anakuja mwanamke amekumbatia furushi kifuani kama mtoto mchanga. Bawabu anamtazama, anamwambia: "Mama, mzigo wa namna hiyo hautuliwi njiani. Nenda nao nyumbani. Utapokelewa."

Siku picha ile ilipoonyeshwa, kwenye benchi la tatu alikuwa amekaa msichana wa miaka ishirini na mtoto wa miezi mitatu. Baba wa mtoto alikuwa amemkana, na nyumbani kwao msichana aliogopa hata kupita mtaa wa jirani. Alikuwa amekata shauri: taa zikiwaka, atamwacha mtoto amelala pale benchini, atoke na watu, apande basi. Akamsikia Bawabu. Taa zilipowaka alimbeba mtoto wake akarudi kwao, na mama yake akafungua mlango, akampokea mtoto mikononi bila kuuliza neno. Msichana huyo ndiye Mkunga. Kisa hicho alikisimulia waziwazi, tena mbele ya binti yake, ambaye alikua akikisikia kama wengine wanavyosikia hadithi za sungura.

Binti ndiye aliyeleta balaa, na mapenzi yake ndiyo yaliyomponza mzee. Kwa kusikia sana habari za Mkalimani alikwenda ng'ambo, akaisomea lugha ile miaka sita, akarudi na vyeti. Jumamosi iliyopita aliingia kwa Fundi anameremeta.

"Mjomba, nimeipata picha ya Bawabu! Wameisafisha, utadhani imepigwa jana. Wiki ijayo tunaiangalia pamoja, nami nitawatafsiria neno kwa neno."

"Neno kwa neno," Mkalimani akarudia, na chai ikamwagikia suruali.

"Mimi ni mkalimani wa vyeti tu, mjomba. Wewe ndiye mwenyewe."

Tangu hapo hakulala vizuri. Hakuogopa aibu peke yake. Aibu mtu huizoea. Aliogopa kumwona Mkunga akitambua kwamba maneno yaliyomwinulia mtoto benchini yalitoka kwa mfagiaji asiyejua kitu. Na jambo la kutisha zaidi, yeye mwenyewe hakujua Bawabu alisema nini. Huenda alimtukana yule mwanamke. Huenda alimwambia, potea na mwanaharamu wako. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilirefushwa miaka thelathini na mitatu, labda ili aanguke akiwa amezeeka na mifupa haiungi.

Saa tisa kasoro akajikaza kisabuni, akatoka. Alipofika mbele ya ghala la saruji miguu ikagoma. Akasimama akihesabu mifuko inayopakuliwa, akajiambia ikifika ishirini atarudi nyumbani. Ikafika kumi na saba, akasikia sauti nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba! Mbona umejikata?"

"Marahaba, mwanangu. Wembe mpya."

Binti akamshika mkono. Mtu aliyeshikwa mkono na mtoto aliyemwona akikua hana pa kukimbilia.

Fundi alikuwa amefagia, jambo la kihistoria. Cherehani ilifunikwa shuka, vikombe vimepangwa kwenye meza ya pasi, na Mkunga amekaa mbele na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri harusi kuanza. Mkalimani akachagua kigoda cha karibu na mlango.

Picha ikaanza. Ilikuwa safi mno. Kila kitu kilionekana, hata kile ambacho zamani kilifichwa na mikwaruzo. Binti alitafsiri kwa sauti nyepesi ya mtu anayejua kazi. Haukupita muda, polisi mnene akafika, amechelewa kama kawaida, akanyanyua kidole.

Fundi akawahi: "Sheria haikimbii, ndugu zangu!"

"Anauliza, 'Nani ameegesha gari hapa?'" akasema Binti.

"Haiwezekani. Msikilize vizuri."

"Mzee Fundi, anaulizia gari."

Fundi akageuka taratibu, akamtazama Mkalimani. Jasho jembamba likamtoka Mkalimani nyuma ya masikio, likashuka mpaka kwenye kola. Kinyozi naye akasema tofauti. Karani akasema tofauti. Kila mara Binti alisita kidogo kabla ya kutafsiri, na sauti yake ikazidi kupungua, maana hakuwa mjinga. Mkunga peke yake hakugeuka.

Kisha mvua ikaanza kunyesha kwenye picha, na geti likaonekana.

Mkalimani alitaka kuinuka azime luninga, adondoke, apige kelele za moto. Mwanamke akaja, amekumbatia furushi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mkalimani akaliona furushi lile vizuri. Pembeni yake ulining'inia mkono wa shati. Ukaonekana na wa pili.

Bawabu akafungua mdomo, akafunga.

"'Nguo chafu zinapita mlango wa nyuma,'" Binti akasema, kwa mazoea ya kazi, kisha akaziba mdomo kwa kiganja na kusimamisha picha.

Bawabu alibaki ameganda kiooni, matone ya mvua kwenye kofia yake.

"Nguo?" Fundi akauliza. "Nguo chafu? Mimi nimelia miaka yote kwa ajili ya dobi?"

Mkalimani akasimama. Aliona akikaa zaidi atazimia akiwa amekaa, na hilo nalo ni fedheha.

"Sikuijua lugha," akasema. "Nilijua maneno saba. Mengine yote niliyatunga. Dada, nisamehe. Bawabu hakukwambia chochote. Yale yalikuwa maneno yangu."

"Najua," Mkunga akasema.

Akageuka sasa, mzima mzima, na kiti chake.

"Kaka, mimi lugha sikusoma, lakini macho ninayo. Bawabu alifungua mdomo mara moja, akafunga. Wewe ukaendelea. Midomo imefungwa, mvua inanyesha, na wewe bado unasema. Nikajua huyu hasemi na yule mwanamke. Ameniona. Yuko huko kwenye kijichumba chake, ameniona mimi na mtoto, amejua ninachotaka kufanya, na anasema na mimi." Akavuta pumzi. "Miaka yote sikukuuliza, sikutaka kukuaibisha mbele za watu. Leo imeshatoka. Uliniona, sivyo?"

Mkalimani alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Hofu ya wiki nzima ikawa mchezo wa watoto. Alimtazama Mkunga usoni, akausoma kama alivyosoma nyuso zote maishani mwake, na akajua barabara uso ule unataka aseme nini. Neno moja tu. Alikuwa hodari wa hayo. Angelisema, angerudi nyumbani mtu mkubwa, na Jumamosi zake zingebaki zake. Nyuma ya Mkunga alisimama Binti, mtoto yule yule wa benchi la tatu, akisubiri naye.

"Sikukuona, dada."

"Hukuniona?"

"Kijichumba kile kilikuwa na tundu moja tu, la kuangalia pazia. Watu nilikuwa siwaoni. Sikujua kama upo. Sikujua kama kuna mtoto, hata huyo wa kwenye picha nimeona leo kwamba ni nguo. Nilimtazama Bawabu tu. Nikaona ana jambo la kusema na hakulisema. Nikalisema mimi."

Mkunga akashusha macho kwenye mkoba wake. Akaufungua, akaufunga, bila kutoa kitu. Mkalimani alisubiri ainuke aondoke, na katika kusubiri huko aliona Jumamosi zake zote zilizobaki zikiwa tupu, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo hakuna aliyeniona," Mkunga akasema.

"Hakuna, dada."

"Ukumbi mzima ule."

Mkalimani akarudi kukaa kwenye kigoda.

"Basi ilibaki kidogo tu." Sauti yake haikuwa ile ya Mkunga anayewakemea waume za watu mlangoni pa chumba cha kujifungulia. Ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini. "Kidogo tu nimwache. Ungekohoa tu siku ile. Ungenyamaza tu."

Mkunga alikuwa ameishi miaka thelathini na mitatu akiamini kuna jicho lililomlinda, na sasa alikuwa akilitazama shimo alilopita ukingoni mwake peke yake, gizani, na mtoto mkononi. Binti akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Mkunga akamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama unavyomkamata mtoto kando ya barabara yenye magari.

Fundi aliangalia huku na huku, akakosa la kufanya, akamwaga chai kwenye vikombe ambavyo tayari vilikuwa na chai.

"Rudisha nyuma, mwanangu," Mkunga akasema mwishowe. "Kabla hajafika getini. Na uzime sauti."

Binti akarudisha kwa mkono mmoja. Ule mwingine mama yake hakuuachia. Mvua ikanyesha kimya kimya. Mwanamke akaanza kuja.

"Sema, kaka," Mkunga akasema bila kugeuka.

Mkalimani hakuwahi kuogopa kipaza sauti, lakini chumba hiki kidogo kilimwogopesha, na kisogo cha yule mama, na vidole vyake vilivyomng'ang'ania binti. Bawabu akainua uso, akafungua mdomo.

"Mama," Mkalimani akaanza. "Mzigo wa namna hiyo hautuliwi njiani."

Midomo ya Bawabu ilikuwa imeshafungwa zamani, naye bado alikuwa anaendelea.