Pampu Iliyovuma Chini ya Kiti

Kabla mwanawe hajashika hata bisibisi, mama alikuwa amekwisha kumwagia maji jiko la mkaa, amefungia viberiti vyote kabatini, na amemkemea seremala wa jirani aliyechungulia uani na sigara mdomoni.

"Jirani, rudi nayo hiyo! Hapa tunafungua tangi la petroli."

"Sijaiwasha hata!"

"Hata kama. Moto hauna adabu."

Seremala akarudi kwenye msumeno wake wa umeme akinung'unika. Kijana akacheka huku akilegeza nati za betri. Huyu ndiye kitinda mimba. Alikuwa amefika jana jioni kuchukua gari la marehemu baba yake, maana amepata kazi ya kusambaza dawa za mifugo na tajiri anataka mtu mwenye gari. Gari lenyewe lilikaa uani tangu msiba, pampu ya petroli ikafia humo humo. Likipona, anaondoka leo leo. Lisipopona... wazo hilo mama hakulimalizia. Alilea watoto wanne ndani ya nyumba ile. Siku hizi alipikia sufuria ndogo kuliko zote, na bado chakula kililala.

Kijana aling'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha duara, akaitoa pampu taratibu kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayeatamia. Mama alikuwa amesimama na kitambaa, roho mkononi.

"Mpira wa kuzuia petroli isivuje umeuweka?"

"Nimeuweka, mama."

"Umekaa sawa?"

"Umekaa kuliko mimi."

Pampu mpya aliyokuja nayo ilipoingia, akarudisha waya za betri, akaketi kwenye usukani. "Mama, betri imechoka, sitaki kupiga stata bure. Nafungua swichi tu. Wewe tega sikio hapo nyuma. Pampu ikivuma, sema, maana mimi kwa msumeno huu sisikii kitu."

Mama akapiga magoti, akaingiza kichwa mpaka kwenye kifuniko. Swichi ikafunguliwa. Chini ya sikio lake kitu kikavuma kama nyuki ndani ya chupa, kisha kikanyamaza.

"Umesikia?"

Mama alifungua kinywa aseme ndiyo. "Sijasikia kitu," akasema.

Mwenyewe alishangaa. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake ilifika mpaka alasiri. Kijana alikagua fyuzi, akakwangua nyaya, akarudi kujaribu. Nyuki akavuma, mama akasema bado. Wakala sahani moja. Kijana akamsimulia habari za mwenye nyumba wake anayefunga bomba kwa kufuli na kulala na ufunguo shingoni, mama akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa muda mrefu hajacheka na mtu.

Lakini jicho la mama halilali. Alimwona mwanawe vidole vimekauka na kuwa vyeupe kwa petroli. Akamwona amegeuka upande, anafuta macho kwa kiwiko. Mwishowe kijana akaketi juu ya tairi, akampigia simu dereva wa lori wa yule tajiri.

"Kaka, nimeshindwa. Nipitie sasa hivi. Gari tutaliuza chuma chakavu. Na tajiri mwambie kazi ampe mwingine."

Mama akamsogelea. Yeye alitaka usiku mmoja zaidi tu.

"Mwambie asije," akasema. "Pampu inavuma."

"Imevuma saa ngapi? Sijafungua swichi."

"Tangu mara ya kwanza."

Kijana alimtazama, simu bado sikioni. "Mama! Nimekwangua nyaya zote hizi!"

"Nimekuona."

"Si ungesema tu nilale?"

"Ningesema, ungelala?"

Kijana akainamisha macho. Akamwambia dereva asije, wala tajiri asiambiwe kitu. Akafunga kifuniko, akarudisha kiti, akapiga stata. Betri ikaguna, ikaguna tena, gari likakohoa moshi mweusi, likawaka. Kule ng'ambo seremala akapiga makofi bila kujua anampigia nani.

Petroli iliyobaki ilitosha kufika kituoni tu. "Panda unisindikize," kijana alisema. Mama akapanda mbele, mkoba mapajani. Tangi lilipojazwa, akashuka. Kijana akamshika mikono yote miwili kupitia dirishani.

"Nitapiga simu nikifika."

"Piga hata ukichelewa. Silali mimi."

"Najua, mama."

Gari likaingia barabara kuu, likajichanganya na mengine, mpaka mama akawa hajui lipi ni lake. Mhudumu wa kituo akamuuliza kama anasubiri mtu. Akasema hapana. Akarudi nyumbani kwa miguu, taratibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu ambaye angemuuliza mbona amechelewa.