Mji Wangu wa Kale wa Umaj

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Hobi yangu ni kukusanya picha za miji ya kale zilizochapwa kwa mbao za kuchongwa. Juzi, kwenye duka la uchapaji River Road, nilipata ubao wenyewe wa kuchapia: nyumba za ghorofa, msikiti, punda kibao, na chini jina la mji, UMAJ.

Jumapili wakwe wakaja kwetu, mtaa wa Satellite. Nikasimama kando ya ubao kama mhubiri, nikawaeleza kwamba Umaj ulikuwa mji tajiri wa Uarabuni, ukamezwa na mchanga.

"Watu wote walikufa?" mama mkwe akauliza.

"Wote, mama. Hata punda."

Akasikitika kweli.

Shemeji yangu Wambui akasema, "Wacha tupige selfi na Umaj!" Tukajipanga, nikaukumbatia ubao. Kwenye simu yake kila kitu kiligeuka kama kwenye kioo, hata lile jina. Likasomeka LAMU.

Mama mkwe akavaa miwani, akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Baba Njeri, si huko ndiko mlienda fungate? Sasa nyinyi mlipona aje?"