Sauti Katika Tangi Lisilo na Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa wavu mdogo, nikaambiwa niopoe samaki waliokufa. Mimi ni mzaliwa wa Ntalikwa, mbali na pwani, binti wa wakulima, na bahari sikuwa nimewahi kuiona. Meneja wa hoteli ile ya Ipuli alinionyesha tangi la kioo lililochukua ukuta mzima wa ukumbi wa chakula, akasema, "Hii ndiyo bahari yetu. Tunaitengeneza wenyewe. Ukikosea kipimo cha chumvi, umeua."

Nikajifunza. Tulichuja maji, tukachanganya chumvi maalumu iliyoletwa kwa treni, tukalea matumbawe, ambayo huonekana kama mawe lakini ni viumbe hai. Mwenye hoteli, tuliyemwita Mzee, alikaa kando ya tangi kila asubuhi. Akitaka kahawa hasemi neno. Hualisha vidole vyake, tak! tak!, na mkewe, Mama Mkurugenzi, humletea mwenyewe.

Mzee alifariki ghafla. Baada ya arobaini likafika jiwe kubwa la matumbawe aliloliagiza akiwa hai. Nililiweka tangini. Haukupita muda, samaki wakatokwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, wakawa wanahema kwa shida, wakaanza kufa.

Madoa hayo ni kazi ya kimelea. Hushambulia ngozi na matamvua ambayo samaki hupumulia, kisha hudondoka mchangani, hujifungia kwenye gamba na kuzaliana humo. Watoto wake wasipopata samaki, hufa. Dawa ya shaba humuua, lakini huua na matumbawe. Kwa hiyo tuliwahamishia samaki kwenye tangi la wagonjwa, tukawatibu huko, na tangi kubwa tukaliacha na maji na matumbawe tu, bila samaki, zaidi ya miezi miwili. Tukawarudisha. Madoa yakarudi. Tukarudia kazi yote, yakarudi tena.

Hapo watumishi walikuwa wameshaanza kunong'ona, maana tangi lile tupu lilikuwa linaalisha vidole.

Tak! Tak! Nilidhani ni pampu, nikaizima. Ukumbi ukanyamaza, kisha: tak! Mchanga niliousawazisha jioni niliukuta asubuhi umefukuliwa. Mpishi akaacha kupita pale. Alisema barabara yetu ilipitisha wapagazi wengi wa misafara ya zamani waliofia njiani wakitamani pwani, na sasa maji ya chumvi yamewaita. Nilimcheka, lakini usiku sikupita pale peke yangu.

Mama Mkurugenzi hakuogopa. Alihamishia kiti chake pale, akawa anaweka kikombe cha kahawa upande wa pili wa meza. Siku moja nilimkuta hajala tangu jana yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umesikia? Ananiita."

"Mama, naomba nilitoe lile jiwe. Ugonjwa ulianza lilipofika."

"Usimguse."

Akazidi kukonda. Meneja akaniambia, "Litoe. Lawama nitabeba mimi."

Nililiinua jiwe, Mama akiwa amesimama nyuma yangu. Chini ya jiwe kulikuwa na shimo. Humo alikaa kamba mdogo mwenye gando moja nene, akalifyatua: tak! Ubavuni mwake alijibanza samaki mwembamba, aliyepauka, ambaye hatukuwahi kumnunua. Wawili hao huishi shimo moja. Kamba huchimba, samaki hulinda. Walikuja wamejificha ndani ya jiwe. Miezi yote tuliyodhani tangi ni tupu, samaki yule ndiye aliyekuwa akiwalisha vimelea, na mwenyewe hakufa kwa kuwa mwili wake ulishawazoea.

"Ni kamba, Mama," nilisema.

Aliinama, akamtazama. Kisha akachukua kile kikombe, akaenda jikoni kukiosha.

Samaki yule tulimtibu pamoja na wenzake, tangi likakaa tena zaidi ya miezi miwili bila samaki, na madoa hayakurudi tena hadi nilipostaafu. Kamba habebi kimelea huyo, nikamwacha. Aliendelea kualisha, ila Mama hakugeuka tena.

Siku ya kuniaga alinishika mkono. "Ulifanya kazi yako vizuri, mwanangu. Lakini siku ile ya jiwe nilimzika Mzee mara ya pili."

Vijana wakija kuniuliza kuhusu kazi hii, nawafundisha vipimo, shaba na karantini. Kisha nawaambia: kabla ya kuinua jiwe, mtazameni aliyesimama nyuma yenu.