Injinia alizilinganisha nguzo zangu, jina langu akaliacha kwenye ramani

Wakuu, salaam aleikum. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Anayedhani naongeza chumvi aniulize tarehe, nitampa na siku yake.

Mume wangu alifariki mwaka 1986. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na watoto watatu, nikafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1992, kisha nikasomea uchoraji wa ramani za ujenzi. Mwaka 1995 nikaajiriwa na ofisi moja hapa Garissa. Kompyuta ilikuwa moja, na aliyejua kuchora nayo nilikuwa mimi.

Machi 1996 tukapewa kazi ya soko la mifugo Modogashe. Nilipaswa kuchora uzio wa njia inayowapeleka ng'ombe kwenye mizani: urefu mita ishirini, nguzo kumi na moja kila upande.

Nimekulia kwenye ng'ombe. Mwanzoni mwa njia wanatembea kwa raha. Karibu na mizani, wale wa nyuma wanawasukuma wa mbele, na uzito wote unaegemea uzio. Kwa hiyo nguzo sharti zikaribiane kadiri unavyoisogelea mizani.

Tatizo ni kwamba kwenye programu yetu ya kuchorea, amri ya ARRAY ilijua kupanga vitu kwa nafasi sawa tu.

Nikachora mstari wa pengo la kwanza, mita tatu na sentimita saba. Nikaunakili kwa COPY kuanzia nchani mwake, nikaupunguza kwa SCALE hadi 0.9 ya urefu wake. Huo mpya nao nikaunakili, nikaupunguza vile vile. Hivyo hivyo mpaka mapengo yakatimia kumi, la mwisho likiwa chini kidogo ya mita moja na sentimita ishirini.

Ndipo nikaweka nguzo kwenye kila ncha. (Usiziweke mapema, nazo zitapungua unene. Kosa hilo lilinilia asubuhi nzima.)

Nguzo zilibaki kumi na moja. Haikuongezeka hata moja! Nikamaliza Jumatatu, tarehe 11 Machi.

Alhamisi tarehe 14 akaja injinia kutoka Nairobi. Akaitazama kazi yangu, akacheka mbele ya ofisi nzima.

"Mama Hodan, hii ni ramani au meno ya mtoto?"

Nikamweleza habari ya ng'ombe.

"Ng'ombe hawasomi ramani, mama. Hebu sogea nikuonyeshe."

Akafuta nguzo zangu, akaandika ARRAY, mita mbili mbili, akahifadhi juu ya faili langu. Haikufika dakika moja. Kwenye kisanduku cha maelezo, chini ya ramani, bado palisomeka "Imechorwa na", kisha jina langu. Hakuligusa. Nami, hilo ni kosa langu, sikulifuta.

Soko likafunguliwa Jumatano, tarehe 12 Juni. Kabla ya adhuhuri uzio ukapasuka hatua chache kutoka kwenye mizani. Maksai wa mzee mmoja, Mzee Gedi, akavunjika mguu, akachinjwa pale pale.

Mzee akaonyeshwa ramani. Akaniuliza kwa Kisomali, watu wote wakisikia: "Binti wa wafugaji, ni wewe uliyechora hivi?"

Wakuu, swali lile linanichoma mpaka leo. Na yule injinia alikuwa amesimama kando yangu, anafuta miwani!

Ofisi ikanitaka nichore upya. Nikasema barua kwanza, iseme ni nani aliyezipanga nguzo zile.

Meneja akanisihi. "Mama Hodan, usiwe mgumu. Watu wameshasahau."

"Waliosahau hawakutajwa jina," nikamjibu.

Nilikaa wiki tatu bila kugusa kompyuta, nikitishwa kufukuzwa kazi. Barua ikatoka Ijumaa, tarehe 5 Julai. Nikachora siku hiyo hiyo, na nguzo zikang'olewa, zikapandwa kwa vipimo vyangu.

Nikampelekea Mzee Gedi barua ile, nikamsomea neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na nguzo mmezisogeza?"

"Tumezisogeza, adeer," nikamjibu, yaani ami.

"Basi Jumatano naleta wengine wawili."

Ninyi mnaochora, mtu akiibadilisha kazi yako, toa jina lako kabla hajainuka kitini. Wala msiniambie hasira yangu ilipita kiasi. Ilikuwa ya kutosha tu.

Nani mwingine hapa amewahi kubebeshwa kazi ambayo si yake? Andikeni, na tarehe mziweke.